Nilivyompata Ngurere, Mnyama Niliyembuni Mwenyewe

Watu watatu waliniambia kwa nyakati tofauti kwamba mnyama wa kubuni hana masharti. Chukua kichwa cha huyu, mwili wa yule, ongeza mabawa, basi. Ushauri huo ulinipotezea karibu mwezi mzima, na bado unaniudhi.

Nilikuwa nimemwahidi mpwa wangu wa miaka 10 daftari la picha za mnyama ambaye hajawahi kuonekana na mtu. Nikaanza na chui mwenye mabawa ya tai. Siku nne nilikuwa mezani nikichora doa kwa doa, unyoya kwa unyoya. Nilipompa, akamtazama sana, kisha akaweka kidole begani pa yule chui. "Mjomba, mguu umeshikia hapa. Bawa nalo limeshikia wapi?"

Nilikosa jibu, kwa sababu hakuna jibu. Bawa la ndege ni mkono. Bawa la popo ni mkono pia, wenye vidole vilivyorefuka na ngozi iliyotandwa katikati. Chui wangu alikuwa na miguu minne na juu yake mabawa mawili, na hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo, kuanzia chura hadi tembo, aliyejengwa kwa viungo sita. Nikamwondoa miguu ya mbele. Ikaja shida ya uzito. Tandawala mkubwa wa kule Serengeti ni miongoni mwa ndege wazito kuliko wote wanaoruka, na dume lake hufika kilo 18 hivi; hata huyo muda mwingi anatembea kwa miguu. Chui dume hupita kilo 60 bila shida. Nikampunguza, nikampunguza tena, mpaka akabaki paka mwenye mabawa, na paka mwenye mabawa atakula nini ambacho kipanga hajakiwahi? Nikaichana karatasi.

Kilichoniokoa ni neno nyumbu. Sisi tunamwita hivyo yule mnyama wa Serengeti, lakini nyumbu pia ni baghala, mtoto wa punda na farasi. Farasi ana kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, 64, punda 62, baghala anabaki na 63 zisizogawanyika sawasawa, ndiyo maana karibu wote hawazai. Ikiwa hata punda na farasi, walio ndugu, hawaunganiki vizuri, basi nikaona kosa langu lilipo: nilikuwa naunganisha vipande bila kutafuta ukoo. Malindi ilipompeleka twiga China mwaka 1415, watu wa kule walimfananisha na qilin, mnyama wa hadithi zao mwenye sehemu za wanyama mbalimbali. Wagiriki nao walimwita ngamia-chui. Lakini twiga mwenyewe hana ungamia wala uchui. Ana ukoo wake, na ndugu yake wa karibu ni okapi wa Kongo.

Basi nikatafuta wawili ambao ni ndugu kweli. Hapa nasema kwa fahari: nikampata perere, yule mnyama mdogo mwenye manyoya anayepiga kelele za kutisha usiku mitini, na nguva, yule mnyama mkubwa wa baharini, si wa hadithi. Mmoja ana kilo tatu, mwingine anaweza kufika mia nne, na wote wawili ni jamaa wa tembo. Mababu zao walikuwa wamoja zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Mnyama wangu atakuwa tawi la tatu, lililobaki katikati, kwenye mikoko. Nikamwita ngurere. Mwili kama mbuzi mdogo, nyayo laini zenye unyevu za kushikia magome kama za perere, mdomo mpana ulioinama chini kama wa nguva, chuchu kwapani.

Kwa mikoko yenyewe ilibidi niende delta ya Rufiji. Nauli na mtu wa kunipeleka kwa dau vilikula kama elfu arobaini, labda hamsini, sikuandika. Mzee mwenye dau alinisikiliza nikimweleza ngurere anavyokula majani ya mchu, aina ya mkoko, maji yakijaa na nyasi za baharini yakipwa. Kisha akauliza, "Sasa mwanangu, choo chake kiko wapi?"

Anayebuni mnyama aanze na choo, nasema hivyo bila haya. Pimbi, ndugu ya perere anayekaa kwenye mawe, na perere mwenyewe hurudia mahali pamoja kujisaidia, na mkojo wa pimbi ni mzito, una chokaa inayoacha madoa meupe kwenye mawe. Nilikuwa nimemwekea ngurere choo matopeni. Mzee akanionyesha alama ya maji shinani: wakati wa bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupanda zaidi ya mita tatu na kuzoa kila kitu. Kwa hiyo choo kikahamia kwenye msikundazi, mkoko unaoota ukingo wa bara, na mizizi yake ikawa na madoa meupe. Kutoka kwenye madoa hayo mengine yote yakafuata. Mamba anajua pale ndipo pa kuvizia. Kwa hiyo ngurere huenda usiku, mmoja mmoja, wala hawalii wakiwa njiani.

Uzazi nao niliupanga kwa maji. Nguva hubeba mimba miezi kumi na mitatu au zaidi, perere kama saba, nikampa kumi. Mtoto huzaliwa siku za maji mafu, bahari isipopanda sana, macho yakiwa wazi, apate siku tatu nne za kujifunza kupanda kabla bahari haijapanda juu. Ni mmoja tu kila baada ya miaka miwili au mitatu, ndiyo sababu ngurere ni wachache na watu hawamwoni.

Tulipokuwa tunarudi nilimwonyesha mzee mchoro. Akauinamia muda mrefu. "Mzuri. Ila masikio haya yatajaa maji." Nikayafuta pale pale ndani ya dau, nikaacha vitundu viwili vidogo kama vya nguva.