Asilimia 94 Inapima Nini Hasa?

Kila inapokaribia Juni 12, siku ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria za kukataza ndoa za watu wa rangi tofauti mwaka 1967, takwimu mbili hurudi kuzunguka mitandaoni. Mwaka 1958 Gallup, kampuni ya kura za maoni, ilipowauliza Wamarekani juu ya ndoa za Weupe na Weusi, walioziafiki walikuwa asilimia 4. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 94. Ni maswali machache mno ya maoni yaliyowahi kupanda kiasi hicho.

Nyuma ya takwimu hizo huja hitimisho lilelile: basi ubaguzi wa rangi umekwisha, waliobaki ni wazee wachache wakaidi. Takwimu zenyewe ni sahihi. Hitimisho ndilo bovu, na ubovu wake unaanzia kwenye swali.

Swali la Gallup ni fupi: unaafiki au huafiki ndoa kati ya Weusi na Weupe? (Mwaka 1958 maneno yalikuwa "weupe na watu wa rangi", kwa hiyo hata mstari huo mmoja haukuanza kwa maneno yaleyale.) Halimwulizi mhojiwa angefanya nini, wala angelipa gharama gani. Linauliza kama watu wengine, mahali pengine, waachwe waoane. Kusema "ndiyo" hakugharimu chochote, na ulimi hauna mfupa.

Halafu kuna anayeuliza. Katika mahojiano ya simu au ya ana kwa ana, mtu huelekea kutoa jibu analodhani linafaa mbele ya aliye upande wa pili. Watafiti wamelijua hili kwa miongo mingi: Mweupe akihojiwa na Mweusi kuhusu mambo ya rangi, majibu yake huwa ya kiungwana kuliko akihojiwa na Mweupe mwenzake. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama kwenye ripoti yoyote ya maoni ni njia iliyotumika: simu, ana kwa ana, au fomu anayojaza mtu mwenyewe. Ukilinganisha mwaka wa simu na mwaka wa fomu, sehemu ya tofauti unayoiona inaweza kuwa ya chombo, si ya watu.

Kuna mbinu ya kumpa mhojiwa mahali pa kujificha. Wahojiwa hugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza husomewa mambo matatu yanayoweza kumuudhi mtu, mathalani bei ya mafuta kupanda. Kundi la pili husomewa yaleyale matatu, na la nne ndilo la rangi. Hakuna anayetaja ni lipi linamuudhi; kila mmoja hutaja idadi tu. Tuseme kundi la kwanza limetoa wastani wa 1.9 na la pili 2.2. Tofauti ya 0.3 maana yake takriban asilimia 30 wanaudhiwa na lile la nne, na hakuna hata mmoja aliyelazimika kulikiri. Mbinu hii huharibika pale mambo ya kawaida yanapokuwa yote yanaudhi kila mtu, kwa sababu anayejibu "manne" amejianika. Tena inataka sampuli kubwa, maana wastani wa makundi mawili huyumba sana. Ilipotumiwa kwa Weupe wa majimbo ya Kusini katika miaka ya 1990, kinyongo kilichojitokeza kilikuwa kikubwa kuliko kile kinachosemwa waziwazi.

Sanduku la kura nalo ni aina ya maficho. Hukumu ya 1967 iliua sheria zilizokuwa zimebaki katika majimbo 16, lakini maneno yenyewe yaliendelea kukaa ndani ya katiba za majimbo kadhaa, na kuyafuta kulihitaji kura ya maoni. Mississippi walipiga kura mwaka 1987: asilimia 52 wafute, 48 yabaki. South Carolina wakafuata mwaka 1998, na takriban asilimia 38 walitaka yabaki. Alabama ilikuwa ya mwisho, Novemba 2000, na waliokataa kufuta walikuwa kama asilimia 40, zaidi ya watu laki tano. Kumbuka kwamba kifungu hicho kilikuwa maiti kwa miaka 33. Kukifuta kusingebadilisha ndoa ya mtu yeyote. Hata ukiwatoa wale ambao hawakuielewa karatasi na wale wanaokataa kila badiliko la katiba, kundi linalobaki ni kubwa mno kuitwa wazee wachache.

Na hukumu yenyewe haikufuata maoni ya watu. Wanandoa wa kesi hiyo, Richard Loving (Mweupe) na Mildred (Mweusi), walioana Washington, D.C., Juni 1958, wakakamatwa kitandani nyumbani kwao Virginia wiki chache baadaye. Januari 1959 walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, kikasimamishwa kwa miaka 25 kwa sharti kwamba wahame jimbo. Mahakama ya Juu ilipowapa haki yao, waliokuwa wakiafiki ndoa kama yao bado walikuwa wachache: mwaka 1968, asilimia 20 tu. Walioafiki hawakuwazidi waliopinga hadi 1991, kwa 48 dhidi ya 42. Ni miaka 24 baada ya sheria. Anayesema "tusubiri jamii iwe tayari kwanza" angekuwa bado anasubiri wakati watoto wa akina Loving wana watoto wao.

Kupanda kwenyewe kuna injini mbili, na usizichanganye. Ya kwanza ni vifo: waliopinga wanaondoka, wanaochukua nafasi yao wamelelewa tofauti. Ya pili ni watu wale wale kubadilika. Kuzitenganisha, fuata waliozaliwa miaka ileile, tuseme 1940 hadi 1949, uone walisema nini wakiwa na miaka 30, 50 na 70. Mstari wao ukilala, kazi imefanywa na makaburi. Ukipanda, watu wamegeuka, au wamejifunza lisilosemwa hadharani. Kwa Marekani injini zote mbili zimefanya kazi, lakini lile "au" halijibiwi na swali la kuafiki.

Swali lililo bora zaidi ni la ndugu. Utafiti mkuu wa kijamii wa Marekani huwauliza watu wangejisikiaje kama ndugu yao wa karibu angeoana na Mweusi. Mwaka 1990, kati ya wasio Weusi, asilimia 63 walisema wangepinga. Kufikia 2016 walikuwa 14. Ni mteremko mkubwa na ni wa kweli kwa kiasi chake. Mtu anayejibu hapa amemwona dada yake akilini, hakuona tu wanandoa wa mbali. Lakini bado ni maneno.

Matendo yanahesabika. Kwa hesabu za Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, kati ya waliooana mwaka 1967, asilimia 3 walichukua mwenzi wa rangi au asili tofauti. Mwaka 2015 walikuwa asilimia 17. Magazeti huandika kwamba ndoa hizo zimeongezeka mara tano, na ni kweli. Ila 17 ni nyingi au kidogo ukilinganisha na nini?

Fanya hesabu hii. Chukua mafungu ya watu kwa sensa ya 2020, kwa makadirio: Weupe wasio Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini) 0.58, Walatino 0.19, Weusi 0.12, Waasia 0.06, na vikundi vidogo. Zidisha kila fungu kwa lenyewe: 0.336, 0.036, 0.014, 0.004. Jumla ni kama 0.39. Hiyo ndiyo nafasi ya watu wawili waliookotwa bila kuangalia rangi kuwa wa kundi moja. Kinachobaki, 0.61, ndicho kiwango cha ndoa za mchanganyiko ambacho kingepatikana kama rangi haina uzito wowote. Kwa hiyo ni 17 dhidi ya takriban 60. Hesabu hii ni ya kikatili kidogo, kwa kuwa watu huoa walipo, na Marekani watu wanaishi kwa mafungu. Lakini hiyo ndiyo hoja: kwa nini wanaishi kwa mafungu?

Mtego mwingine kwenye takwimu hizi ni ukubwa wa kundi. Utasoma kwamba kati ya waliooana mwaka 2015, walioenda nje ya kundi lao ni asilimia 29 ya Waasia, 27 ya Walatino, 18 ya Weusi na 11 ya Weupe, halafu mtu akahitimisha kwamba Weupe ndio wagumu. Si lazima. Weka pamoja watu 900 wa kundi moja na 100 wa jingine, kisha ziwepo ndoa 20 kati yao. Kwa wale 900 ni kama asilimia 2. Kwa wale 100 ni asilimia 20. Ndoa ni zilezile. Kikubwa zaidi ni kuuliza nani kaoana na nani. Kati ya ndoa za mchanganyiko za 2015, asilimia 42 zilikuwa za Mweupe na Mlatino. Za Mweupe na Mweusi, zile hasa ambazo Gallup huziulizia, zilikuwa 11. Tena kuna jinsia: asilimia 24 ya Weusi wanaume walioana nje ya kundi lao, wanawake 12, kwa Waasia ni kinyume, wanawake 36 na wanaume 21. Chuki tupu isingetofautisha hivyo. Haya yametokana na picha za muda mrefu za nani anahesabiwa mrembo, nani ni "mkali", nani si mwanamume kamili.

Watoto wa ndoa hizi nao huletwa kama ushahidi. Sensa ilianza kuruhusu mtu kuchagua zaidi ya rangi moja mwaka 2000. Mwaka 2010 waliochagua hivyo walikuwa asilimia 2.9; mwaka 2020, asilimia 10.2. Usikubali kuambiwa kwamba machotara waliongezeka zaidi ya mara tatu kwa miaka kumi. Idara ya sensa yenyewe ilieleza kwamba fomu ilibadilishwa, ikaongezewa nafasi ya kuandika asili, na namna ya kuyachambua majibu ikabadilika. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilizaliwa kwenye karatasi.

Sasa weka kando ndoa, utazame kazi. Watafiti huandaa maombi ya kazi yanayolingana kwa elimu na uzoefu, kisha majina hupangwa kwa bahati nasibu: haya yenye mlio wa Kizungu, yale yenye mlio wa Weusi. Wanahesabu nani anapigiwa simu. Katika jaribio maarufu la Boston na Chicago lililochapishwa mwaka 2004, maombi karibu 5,000 yalitumwa kwa matangazo yapatayo 1,300. Wenye majina kama Emily na Greg walipata mwito mmoja kwa kila maombi 10. Lakisha na Jamal, mmoja kwa kila 15. Wakosoaji husema kwamba jina hubeba pia tabaka, na ni hoja halali. Ila majaribio mengine huwatuma watu halisi waliofundishwa kujieleza sawasawa, na pengo bado lipo.

Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio ya aina hii tangu 1989 na kuyachambua pamoja. Weupe walikuwa wakipata miito asilimia 36 zaidi ya Weusi, na katika miaka yote hiyo pengo halikuonyesha kupungua. Weka hilo kando ya Gallup: kati ya 1991 na 2013 kuafiki ndoa kulitoka 48 hadi 87. Katika kipindi hichohicho, simu ya mwajiri haikusogea.

Haya mawili hayagongani. Kuafiki ndoa ni jambo la kanuni ya usemi. Kumpigia Jamal simu ni uamuzi wa dakika moja ambao hakuna anayeuona. Na mengine hayahitaji hata mbaguzi. Ramani za miaka ya 1930 zilizopaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi ziliwanyima mikopo ya nyumba. Nyumba ndiyo urithi mkuu wa familia ya kawaida Marekani. Anayekosa nyumba hamwachii mtoto kitu. Mwaka 2022 familia ya katikati (nusu wana zaidi yake, nusu pungufu) ya Weupe ilikuwa na mali ya dola 285,000, ya Weusi dola 44,900. Afisa wa mkopo wa leo anaweza kuwa ameoa Mweusi na bado akaipitisha ramani ile, kwa kuwa imo ndani ya alama za ukopaji na dhamana anazozisoma.

Virginia, jimbo la akina Loving, liliendelea kuwataka wanaooana waandike rangi yao ili wapewe leseni. Sharti hilo lilitokana na mfumo wa sheria ya mwaka 1924 ya kulinda "usafi" wa Weupe, na lilibaki baada ya marufuku kufa. Katika kaunti moja, karani alikuwa na orodha ya majina ya rangi na asili zaidi ya 200 ya kuchagua, yakiwemo "Aryan" na yale ya zamani ya kupima damu kwa robo na kwa sehemu ya nane. Mwaka 2019 wachumba walikataa kujaza, wakanyimwa leseni, wakashtaki. Oktoba mwaka huo jaji wa shirikisho akaamua kwamba sharti hilo linavunja katiba.