Kumbukumbu ya mradi: hatimaye Bücher imekubali

Wiki tatu nimekwama kwenye mstari mmoja, jana usiku ukafunguka. Nina furaha mno.

Ni mstari wa wingi wa neno kitabu, kwenye jedwali langu la kutafuta asili ya maneno ya lugha za ukoo wa Kijerumani. Kiaislandi: bók, bækur. Kiswidi: bok, böcker. Kijerumani: Buch, Bücher. Ukiyatazama unaapa ni ndugu wa tumbo moja: irabu imegeuka, mwishoni kuna r. Nikayapa yote asili moja, kiambishi *-iz (kinyota ni alama ya umbo la kale lililokisiwa, lisiloonekana katika maandishi), ambacho i yake iliivuta ō, yaani o ndefu, kwenda sehemu ya mbele ya kinywa kisha ikamomonyoka. Kiingereza cha Kale kinaafiki: bōc, wingi bēc.

Kijerumani kikagoma. Kijerumani cha Juu cha Kale, babu wa Kijerumani cha leo, kina buoh kwa umoja, na buoh hiyo hiyo kwa wingi! Hakuna i, hakuna kiambishi. Sasa ü ya leo imetoka wapi? Na jinsia za kisarufi nazo hazilingani: bók ni ya kike, Buch ni ya kati.

Jibu lilikuwa kwa mwanakondoo wa Kijerumani hicho hicho cha kale. Lamb, wingi lembir. Kalb, ndama, wingi kelbir. Ile -ir ilikuwa kipande cha shina, tena kwa kikundi kidogo tu cha majina. Umoja ulipoipoteza, ikabaki kwenye wingi peke yake, watu wakaisikia kama alama ya wingi. Baadaye ikasambaa kwa majina ya jinsia ya kati yaliyokosa wingi unaosikika: Haus ikapata Häuser, Buch ikapata Bücher. Kwa hiyo r ya bækur na r ya Bücher zinafanana sura tu, kila moja ina baba yake.

Jedwali la kompyuta limenichelewesha sana. Ukitafuta *bōk- linadhani kinyota ni "chochote kile" na kukuletea kila seli yenye bōk-, hata zisizo na kinyota. Baya zaidi, linakushawishi upange maneno kwa sura. Nilihamia kaunta buku la kwaya mbili, kila lugha ukurasa wake, mishale kwa penseli. Ukurasa wa Buch ulipokosa mshale wa kwenda juu kwenye *-iz, ndipo nikaanza kupekua majina mengine. Kwa kazi hii sirudi kwenye kompyuta.

Leo nilipanga kujaza Kifrisia na Kifaroe, kisha Kigothi, ambako bōka ni herufi na wingi wake bōkōs ndio kitabu. Sijagusa hata kimoja. Nilikuwa naandika "kaunta buku" kwenye jalada, nikawaza: buku, mabuku. Kisha kitabu, vitabu. Ki- ya kitabu si kiambishi kwa asili, ni sehemu ya neno la Kiarabu lenye mzizi k-t-b. Waswahili waliisikia kama alama ya umoja, wakaibadilisha kuwa vi-. Kipande cha shina kimegeuka alama ya idadi, kama -ir ya lembir!

Ukurasa wa Kifrisia nimeufuta kichwa. Sasa una safu mbili: lembir, vitabu.