Sare ya kwaya

Jioni hii nilikwenda kanisani, hapa Masasi, kurudisha sare ya kwaya, kwa kuwa kesho alfajiri ninapanda basi kwenda Dodoma kuanza kazi, baada ya miaka sita ya kuimba sauti ya tatu (na kukosea mara nyingi kuliko mwalimu wetu alivyokubali kusema).

Mama aliifua mara mbili.
Hata hivyo, doa la mafuta ya ganda la korosho kwenye mkono wa kushoto halikutoka.

Mlezi wa kwaya aliligusa kwa kidole, akanyamaza, kisha akanirudishia sare.
"Nenda nayo, mwanangu."

Usiku huu nimejaribu kusali, lakini maneno yamekuwa machache.

Ninyi mliowahi kuhama nyumbani, Jumapili ya kwanza ugenini mliketi benchi gani?