Dudley, Kwenye Mashine Lafi

Tiketi ya treni kutoka London hadi Birmingham ukiikata siku hiyohiyo ya safari, bei yake inauma. Mwenye nia ya kwenda akate wiki kadhaa kabla. Kutoka Birmingham nilipanda basi hadi Dudley, manyunyu yakinyesha, kwa ajili ya nyumba moja nyembamba ya matofali. Ndani yake imo mashine ya mvuke ya kutoa maji mgodini, ya Mwingereza Thomas Newcomen, ya mwaka 1712, iliyojengwa upya kwa ukubwa uleule na kukamilika 1986. Jiko lilikuwa baridi. Afadhali, maana mashine ikitulia ndipo viungo vyake vinapoonekana.

Wengi hudhani ni mvuke unaosukuma. Boila ile ya chini hutoa mvuke wenye nguvu kidogo tu kupita hewa ya nje. Juu yake imesimama silinda yenye kipenyo cha sentimita 53, na juu kabisa boriti nene inayocheza kama pembea: upande mmoja pistoni imening'inia kwa mnyororo, upande wa pili fito za pampu zinashuka mgodini. Uzito wa fito unaivuta pistoni juu, mvuke unajaa. Valvu inafungwa, maji baridi yanarushwa ndani, mvuke unageuka maji, panabaki ombwe, yaani nafasi tupu isiyo na hewa. Hapo hewa ya nje inaikandamiza pistoni chini, karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Ombwe lingekuwa kamili, ingekuwa zaidi ya tani mbili, halikuwa kamili. Hata hivyo mara 12 kila dakika ilipandisha lita 45 hivi kutoka kina cha mita 46.

Silinda za enzi hizo hazikuwa duara sawasawa, kwa hiyo pistoni ilizungushiwa ngozi na kumwagiwa maji juu, ili panapovuja yapite maji badala ya hewa. Tena maji yakichemka hutoa hewa iliyomo, nayo ikikusanyika ndani mashine inagoma. Ikawekwa valvu ndogo ya kuitoa. Ugonjwa usiotibika ulikuwa mmoja: silinda ileile inapozwa na kupashwa moto upya kila mzunguko. Joto lililogeuka kazi halikufika asilimia 1.

Mashine lafi kiasi hicho ingemfilisi yeyote, isipokuwa mwenye mgodi wa makaa ya mawe uliofurika maji, mwenye chenga za makaa zisizo na mnunuzi zimelundikana mlangoni. Uingereza ilikuwa na wengi wa namna hiyo. Wakaivumilia zaidi ya miaka 50, mpaka James Watt alipotenga na silinda chombo cha kupozea mvuke, hataza (haki ya mvumbuzi) ya 1769, na John Wilkinson akapata mwaka 1774 njia ya kukereza silinda ikawa duara.

Anayesema Ulaya ilitangulia katika viwanda kwa werevu, aende akaitazame boila ile. Mivukuto ya sanduku ya Wachina ilikuwa na pistoni na valvu, ikipuliza kwenda na kurudi, na katika karne ya 11 kaskazini mwa nchi yao walishayeyusha chuma kwa makaa ya mawe. Lakini makaa mengi yako Shanxi, mbali na bonde la chini la mto Yangzi walikojaa wafumaji na wafanyabiashara. Na migodi ya Shanxi ilisumbuliwa na makaa kuwaka yenyewe kuliko maji. Pampu ya nini? Bengal, India, nako ujira wa msokota uzi ulikuwa mdogo mno, mwenye mtaji hakuona faida ya kununua mashine ya kuokoa mikono. Lancashire, Uingereza, mikono ilikuwa ghali, na sheria ya 1721 ilishapiga marufuku kuvaa vitambaa vya pamba vilivyochapwa rangi, jambo lililowakinga na ushindani wa Wahindi.

Basi la kurudi lilichelewa. Katika kibanda cha kituo kinachopitisha upepo pande zote, nikiwa na chai ya bei ya mlo mzima wa Kariakoo, niliwaza merikani, kitambaa cha pamba. Kitambaa kile kililetwa Unguja na meli za Salem, bandari ya Marekani, kikavaliwa hadi bara. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1861, vikakiadimisha. Bombay, iliyoanza kujenga viwanda vya mvuke miaka ya 1850 kwa mashine zilizonunuliwa Uingereza, baadaye ikaingia sokoni kwetu na kitambaa chake, na watu wa pwani wakaendelea kukiita merikani.