Bustani ya Mtu wa Muheza Ndani ya Lubumbashi

Ukitoka Tanga ukaja kuishi Lubumbashi na ukataka bustani, kitu cha kwanza kitakachokuvuruga ni kalenda. Kwetu kuna masika na kuna vuli; ya kwanza ikikuangusha, ya pili inaweza kukuinua. Huku kusini mwa Kongo msimu wa mvua ni mmoja. Huanza Oktoba kwa kusuasua, hukolea kuanzia Novemba, na Aprili inakata. Dada yangu akinipigia kulalamikia matope ya masika, mimi nipo na ndoo mkononi chini ya mbingu isiyo na wingu, na najua itabaki hivyo mpaka Septemba ipite.

Na miezi hiyo mikavu ndiyo miezi ya mboga! Mama jirani wa lupango (kiwanja) la pili aliniambia bila kuzunguka: "Baba, mu mvula matomati inaozaka." Ni kweli tupu. Januari unaamka unakuta doa la kahawia kwenye jani la chini, keshokutwa shina limeanza kuwa jeusi, na nyanya ambazo hazijaiva zina mabaka magumu. Dawa uliyopuliza asubuhi inaoshwa na mvua ya mchana. Ndiyo maana bei ya nyanya sokoni hupaa mvua zikikolea, kisha hushuka kiangazi, wakati wakulima wa mabondeni wanapomwagilia. Mvua wenyewe wanaiachia mahindi, maboga na matembele.

Juni na Julai ni baridi hasa. Mji uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mchicha, ambao huku ni lengalenga, unadumaa tu, na mpapai wangu unajikunyata kwa huzuni. Lakini kabichi! Kabichi ambazo Muheza zingegoma kufunga kwa joto, hapa zinakaza hadi kisu kinalia. Vitunguu na karoti navyo vinapenda hali hiyo. Sijui furaha nyingine ya bustani inayozidi kung'oa karoti kwa mkono uliokufa ganzi.

Udongo una habari yake. Ni mwekundu na wenye asidi, kwa hiyo wenyeji hutafuta udongo wa kichuguu. Vichuguu vya Katanga, eneo letu hili, si vya kumfikia mtu kiunoni. Vingine vinazidi mita tano kwenda juu. Udongo wake una kalisi (madini yaliyomo kwenye chokaa) nyingi kuliko ardhi inayouzunguka. Wengine wanaufyatulia matofali, wengine wanauchanganya na samadi kwenye matuta. Mimi hununua kwa toroli, na bei yake hutegemea mwenye toroli ameamkaje.

Kuna jambo ambalo sifanyii mzaha. Upepo wa kiangazi huvuma kutoka kusini-mashariki, na kwa miongo mingi ulibeba moshi wa kuyeyushia shaba kuelekea upande mmoja wa mji. Huko ardhi ilibaki na shaba, risasi na madini mengine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamelichunguza suala hili, na chokaa pamoja na mbolea za asili ni kati ya njia zilizojaribiwa kupunguza madini yanayopanda hadi kwenye majani. Kwa hiyo nikinunua mboga nauliza zimelimwa wapi. Wauzaji wengine hununa. Wanune.

Septemba na Oktoba ni jua kali, vumbi, na bomba linalokohoa hewa tupu. Hapo bustani inakuwa gharama kuliko chakula, na mke wangu hanifichi maoni yake. Kisha maembe yanaiva, na watoto wa mtaa mzima wanakuwa rafiki zangu ghafla. Yana nyuzi mno, Mungu anisamehe. Nimekulia kwenye maembe dodo.

Yakianza kuisha, mahindi yanadai palizi na viwavijeshi vimeshajificha ndani ya majani machanga ya katikati, vimeacha kinyesi kama pumba za mbao zilizolowa. Mama jirani anatia majivu humo, mche mmoja mmoja. Mimi natwanga pilipili na sabuni. Kila mmoja anadai mahindi ya mwenzake ndiyo yaliyotobolewa zaidi.