Mzee wetu wa visu amestaafu leo

Nimetoka zamu sasa hivi, hata mabuti sijavua, lakini hili lazima niliandike.

Kwa wasiojua, naishi Waterloo, jimbo la Iowa, Marekani. Mji mdogo, mto Cedar unapita katikati yake. Wapo wanaounda matrekta ya John Deere, kampuni iliyofika hapa mwaka 1918 kwa kununua kiwanda cha injini.

Wengi wetu tuko kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe: Wakongo, Waburma, na Wabosnia waliokimbia vita vya miaka ya 1990.

Mzee mmoja Mbosnia ndiye aliyenifundisha kunoa.

Kisu kikiwa butu, mkono ndio unaolipa. Unaamka usiku vidole vimekakamaa, havikunjuki. Kazi haimngoji mtu, nyama inakuja tu. Yeye alikuwa anakichukua kisu changu, anakipitisha kwenye chuma cha kunolea, kisha anayalaza makali taratibu juu ya ukucha wa dole gumba.

Yakiteleza, anarudia. Yakishika, ananirudishia.

Kiingereza chake na changu vyote vya kuokoteza, na tulielewana miaka yote hiyo.

Leo, kabla ya kuondoka, amekuja mahali pangu akanyoosha mkono. Nikampa kisu. Akakigusisha ukuchani. Kikashika!

Amecheka kwa sauti, akanipiga begani. Jamani, nimelia mbele ya watu na sioni haya.

Ndugu zangu mlioko viwandani, nani aliwapokea siku za mwanzo? Nisimulieni hapa chini, nitasoma zote.