Siku moja karakanani Gerezani, Dar es Salaam: mashine ya kuchomelea inavyosukwa

Saa 1:00 asubuhi
Bati za kiini, yaani chuma ambacho waya huzungushiwa, zinamwagwa sakafuni. Zimetoka kwenye transfoma chakavu zilizonunuliwa kwa kilo, na kwa risiti. Mzigo usio na risiti hauvuki mlango, kwa sababu transfoma za mitaani huibiwa shaba na mafuta, na mafuta ya zamani yanaweza kuwa na sumu ya PCB. Bati iliyokunjika au iliyoliwa na kutu inawekwa kando. Karakana ni ya baba na wanawe. Dada yetu ndiye mwenye daftari la vipimo, na kila mashine ina ukurasa wake.

Saa 2:00
Hesabu. Oda ni mashine ya fezi moja, volti 230, ya kuchoma vijiti vya geji 10 (mm 3.2) kwa ampea 130. Mguu wa kiini una sm 6.5 kwa 6.2, yaani sentimita za mraba 40 hivi. Kwa umeme wetu wa hezi 50, eneo hilo linataka takriban mzunguko mmoja wa waya kwa kila volti: 230 upande wa kuingiza umeme, 60 upande wa kuchomelea.

Fundi anayetaka kubana shaba huanzia hapahapa, kwa kuwa hakuna mteja anayeweza kufungua koili akahesabu. Akipunguza mizunguko mno, kiini kinashiba sumaku, mashine inanguruma na kupata moto hata ikiwa imewekwa tu bila kuchoma chochote.

Saa 3:00 hadi saa 6:00
Kusuka. Upande wa kuingiza ni waya wa duara wa mm 3. Wa kuchomelea ni waya bapa, mm 3 kwa 9. Shaba yote ni kilo kumi na kitu. Kwanza ncha ya kila waya inakwanguliwa kwa wembe: ikionekana nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba, inarudi dukani.

Pembe za fomu, kibao kinachosukiwa koili, zinapigwa msasa, maana pembe kali hukata karatasi ya insulesheni. Kila tabaka linapewa karatasi. Waya unagongwa kwa nyundo ya mbao. Ya chuma huchubua vanishi, na mchubuko mmoja unatosha kugusanisha mizunguko miwili. Shoti hiyo haionekani kwa macho, inakuja kunuka kwa mteja, mwezi wa pili wa matumizi.

Koili mbili zinakaa kila moja kwenye mguu wake. Ukizilaza moja juu ya nyingine, kijiti kikigusa chuma ampea zinapanda bila kizuizi. Zikitengana, sumaku kiasi inavujia katikati, na uvujaji huo ndio unaotuliza moto wa kuchomelea. Mpini wa mbele nao unafanya kazi hiyohiyo: unasogeza kipande cha bati katikati ya miguu. Kikiingia ndani, ampea zinashuka.

Saa 7:00 mchana
Wali maharage kwa mama lishe. Koili zimezama kwenye vanishi mpaka mapovu yaishe, kisha zinaingia tanurini. Zitatoka kesho, kwa hiyo mchana ni zamu ya mashine ya jana, yenye vipimo hivihivi.

Saa 8:00
Kupanga bati. Zinapishanishwa ili maungio yasikutane mahali pamoja. Bolti zinazopita kwenye kiini zinavishwa karatasi, la sivyo zinaunganisha bati zote na kupata moto. Kiini kikilegea, utakisikia kikilia kama nyuki.

Saa 9:00
Majaribio. Umeme unapitishwa kwanza kwenye taa ya halojeni ya wati 500. Taa ikiwaka kinyonge, twende. Ikiwaka kwa nguvu zote, kuna shoti, tunafungua.

Halafu kipimo ambacho baba hakiachi: waya mwembamba unazungushwa mara moja tu kwenye kiini, ncha zake kwenye mita. Gawanya volti ya umeme kwa volti ya mzunguko huo mmoja, unapata idadi ya mizunguko iliyomo. Leo ni 230 kwa 1.00, sawasawa. Ingesoma 1.05 tungejua imesukwa 219, kumi na moja imepotea njiani.

Saa 10:00
Mteja anashusha mashine yake.
“Shikamoo mzee. Hii nikiiwasha tu, umeme unakatika.”
“Marahaba. Umeichomeka wapi?”
Kwenye soketi ya ukutani, ya ampea 13. Mashine ya aina hii huvuta karibu ampea 34 ikiwa kazini. Inataka laini yake, kebo ya mm 6 na breka ya 40. Mashine ni nzima; anarudi nayo bila kulipa kitu.

Pembeni kuna visu vya mkasi wa kukatia bati, vimechongwa kwa springi za gari. Vinapashwa mpaka sumaku isivishike, vinaongezwa moto kidogo, vinazamishwa kwenye oili, kisha vinapashwa tena hadi rangi ya majani makavu. Ukiruka hatua ya mwisho kisu kinapasuka kama kioo.

Saa 12:20 jioni
Mtaa mzima umewasha taa na mita inasoma volti 198. Ndiyo saa tunayoisubiri, maana mafundi wengi watachomelea kwenye umeme kama huu. Zile volti 60 sasa ni 52 hivi. Geji 12 inashika mguso wa kwanza. Geji 10 inanata, inanata tena, inashika ya tatu.

Mkia wa waya bapa umeachwa mrefu, na dirisha la kiini bado lina nafasi. Dada anaandika kwenye ukurasa wa mashine hii: “Ongeza 4. Rangi bado.”